Usianze na Baba

Mwaka ule neno lililokuwa likinitia wazimu ni "Baba". Si baba yangu, Mungu amrehemu, ni Baba wa kwenye insha za Amito. "Baba ni fundi. Baba anatengeneza redio. Baba anaamka mapema. Baba anakunywa chai. Baba anatoka. Baba anarudi." Ukurasa mzima namna hiyo. Nikisahihisha nilihisi kama mtu ananigonga utosini kwa kijiko, taratibu, bila kuchoka.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la sita katika shule moja ya Old Kampala. Juu ya mlango wake palikuwa na jina la Mhindi aliyeijenga, na tangu Wahindi wafukuzwe jina hilo lilikuwa limepakwa chokaa mara moja tu, kwa hiyo ukitaka kulisoma ulilisoma. Serikali ilikuwa imetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini walimu wake hawakuonekana, maana kwa watu wengi wa mjini kile kilikuwa Kiswahili cha kambi za jeshi, cha kuamrishwa kulala chini. Ndivyo nilivyopata kazi mimi Akoth, Mjaluo wa Kisumu, mwenye cheti cha ualimu na mdomo usiotulia. Kaka yangu Owuor aliyenileta Kampala alikuwa ameshafunga duka lake la vipuri na kurudi Kenya. Kila akinitumia salamu aliuliza nasubiri nini. Nilikuwa nasubiri wanafunzi wangu waandike vizuri. Ungemwambia mtu hivyo Februari ile, watu wakiwa wanakimbia nchi, angekupeleka kwa daktari.

Subira sina. Walimu wenzangu walikuwa wakisema mtoto akiandika sentensi isiyo na kosa, mpe alama zake mkalale. Mimi hilo lilinishinda. Ukurasa unaweza usiwe na kosa hata moja na bado ukakuchosha kama kupanda kilima cha Nakasero na mzigo. Basi nilikuwa na njia yangu. Mtoto anasimama na daftari, anasoma neno la kwanza tu la kila sentensi, kutoka juu mpaka chini, na darasa zima linamwitikia. Hapo anajisikia mwenyewe, mimi sina haja ya kumwambia lolote.

Amito aliposimama ilikuwa hivi: "Baba." Darasa likaitika, Baba. "Baba." Baba. "Baba." Baba. Kufika katikati ya ukurasa walikuwa wanagonga madawati, na yeye mwenyewe, msichana mrefu mwenye aibu, alikuwa amejificha uso kwenye kiwiko akicheka.

"Sasa," nikasema, nikaandika ubaoni kwa kipande cha chaki kilichobaki: Lini? Wapi? Kwa nini? Vipi? "Chukua sentensi yako, iulize maswali haya. Jibu moja utakalolipata, lilete mbele. Baba anatengeneza redio. Wapi anatengenezea?"

"Chini ya ngazi," akasema Amito.

"Chini ya ngazi, baba anatengeneza redio. Mnaona? Tumeshamwona ameinama."

Mkono wa Safinah ukapanda. Safinah alikaa dawati moja na Amito, binti wa mama wa Kinubi, kabila lililokuwa na watu wengi jeshini, aliyekuwa akishona nguo karibu na msikiti mkubwa ambao ujenzi wake uliachwa nusu. Hakuwa na kiburi hata kidogo, ila hakuweza kuona sentensi ya mwenzake imelala akaiacha. "Au, mwalimu: Akiogopa kukata waya usiofaa, baba anatengeneza redio."

Nilitamani kumkumbatia. Kwa mtoto kama yule mtu anakubali kunywa chai isiyo na sukari mwaka mzima, na ndiyo tuliyokuwa tukinywa.

Amito hakubadilika. Darasani alielewa, kwenye daftari alirudi kule kule, Baba, Baba, Baba. Nikachukia. Nikamwambia mbele ya wote: wiki hii usianze na Baba. Hata mara moja. Nikiona, unaandika upya. Na kama desturi yetu ilivyokuwa, kabla hajaniletea, amsomee mwenzake wa dawati kwa sauti ya chini, na mwenzake amwambie ni wapi anajirudia.

Alhamisi, nikiwa kwenye safu ya nyuma, nikasikia Safinah anapiga makofi madogo. "Mwalimu, Amito ameweza."

Nikaenda, nikainama juu ya daftari. Nakumbuka lilivyoandikwa, herufi za duara, zilizokandamizwa. "Tangu wiki iliyopita, baba halali nyumbani. Kyebando, nyuma ya mashine ya kusaga unga, kuna chumba kisicho na dirisha. Kwa sababu wenzake waliitwa kazini wakapanda lori, baba anakaa humo. Jioni, chakula kikiwa kimefichwa kwenye ndoo chini ya nguo za kufua, mimi nampelekea."

Kwanza nilifurahi. Sioni aibu kulisema. Sentensi zilikuwa zinatembea, kila moja imeingia kwa mlango wake, na nilikuwa nimeanza kutabasamu macho yalipofika kwenye lori. 

Babake Amito, Komakech, alikuwa sajenti wa polisi, fundi wa redio za mawasiliano, Mwacholi. Mwezi ule Waacholi na Walangi, makabila ambayo serikali haikuyaamini, walikuwa wakiitwa kwa majina kwenye gwaride. Walioitwa walipanda lori. Lori lilirudi, wao hawakurudi. Hayo tulikuwa tunayajua wote na hakuna aliyekuwa akiyasema. Nilichana ukurasa ule kutoka kwenye daftari kana kwamba una wino uliomwagika, nikamwambia Amito mwandiko mbaya, nikaenda nao jikoni kwa mama mpika chai na kuutia motoni chini ya birika. 

Karatasi ilikwisha, ila Safinah alikuwa ameshasikia. Na Safinah alikuwa hasahau sentensi nzuri.

Mchana ule sikuweza kukaa. Nilisimama mlangoni, nikarudi mezani, nikaenda tena mlangoni. Kila gari lililopanda kilima nililisikiliza mpaka lipite. Nilifikiria kumwita Safinah pembeni na kumwambia usiseme. Lakini mtoto wa darasa la sita ukimwambia usiseme, tayari umemwonyesha kwamba lipo jambo, na huyu alikuwa ana mama, shangazi, wajomba wenye sare. Nikanyamaza. Wakati wa kutoka nikamwona mwanamke amesimama kwenye uzio upande wa nje, kitenge kimefungwa juu ya kifua, macho yako barabarani. Alikuwa Santina, mamake Amito.

Nilimsalimia kwa Kijaluo. Kijaluo chetu na Kiacholi chao ni watoto wa tumbo moja, tungeelewana bila jasho. Akanikatiza.

"Hapana. Kiswahili, mwalimu." Hatua chache kutoka pale kulikuwa na mtu anang'arisha viatu vya mtu asiyeonekana kuwa na haraka. "Mimi iko na neno kidogo tu. Huyu mtoto, wewe acha yeye andike baya."

"Mama Amito."

"Baba, Baba, Baba, hiyo iko sawa. Ni mimi nilifundisha yeye. Kama mtu nauliza baba yako wapi, yeye nasema, baba alitoka. Basi. Hakuna wapi, hakuna lini. Kila asubuhi nasema naye, kama sala. Naye wewe, mwalimu, nasema ongeza, ongeza." Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika. "Jana yeye nauliza mimi, mama, mwalimu nakataa Baba, sasa nifanye je."

Nikamwambia Amito ameshaandika, na karatasi nimeichoma. Akashusha pumzi. Kisha akauliza, "Nani nasikia?"

"Mwenzake wa dawati. Safinah."

Santina alitazama mikono yake. "Mtoto mzuri," akasema. "Nakula kwangu kila Jumamosi."  "Sisi nahama. Mpaka Jumapili tu, mwalimu. Kesho yeye lazima kuja shule, asipokuja watu nauliza. Mpaka Jumapili, hakuna kitu nasemwa."

Nilifungua kinywa kumuuliza mnahamia wapi. Nikakifunga. Alikuwa ameniona, na nadhani ndiyo sababu alinipa mkono kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa siku ya kupitisha tu. Nilipanga kufundisha wingi wa majina, somo kavu kama kuni, watoto wasinzie, kengele ilie, twende zetu. Kabla sijafuta ubao mkuu wa shule akaingia, mzee wa Kiganda mpole aliyekuwa amekonda sana tangu Krismasi, anajifuta jasho.

"Mwarimu Akoth, wageni wa wizara wako hapa. Wanataka kusikiriza Kiswahiri. Tafadhari, fundisha ire somo yako ya kuitikia, wameisikia sifa." Akasogea karibu. "Na ire kibari chako cha kazi, nnyabo, watasaini reo. Wakipenda."

Waliingia nyuma yake. Bwana wa wizara na mkoba wake, karani wake, na mtu mwingine aliyetambulishwa kwa jina tu, Bwana Marjan, bila kusema ni wa ofisi gani. Shati la maua, viatu vya kisigino kirefu, kama walivyovaa watu wa usalama. Wenzake walikaa kwenye viti tulivyowawekea nyuma. Yeye akajibana kwenye dawati la mbele, kati ya watoto, magoti yakagusa kifua, watoto wakacheka naye akacheka nao. Lilikuwa dawati la pili kutoka lile la Amito.

Nikafundisha juu ya ng'ombe. Ng'ombe anakula. Ng'ombe analala. Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe, darasa linaitika, mkuu wa shule nyuma anatabasamu kwa meno yote. Tukauliza lini, tukauliza wapi. Alfajiri, ng'ombe anakula. Kando ya reli, ng'ombe analala. Hata karani aliacha kuandika akawa anasikiliza. Ningeweza kulifurahia somo lile siku nyingine yoyote.

Bwana Marjan akainuka, akaja ubaoni, akanyoosha mkono nikampa chaki. "Mwalimu, mimi shuleni nilipenda insha kuliko mpira," akasema. Nadhani ilikuwa kweli. "Maswali yako haya ni mazuri sana. Lini, wapi, kwa nini, vipi. Sisi pia kazini tunauliza haya haya." Bwana wa wizara akacheka, akichelewa kidogo. "Lakini ng'ombe tumemchoka. Tuandike watu. Wewe, msichana mrefu. Baba yako anafanya nini?"

Kama alimchagua kwa kuwa alikuwa karibu, au kwa kuwa alijua, sijui hadi leo.

Amito akasimama. "Baba alitoka."

"Baba alitoka." Bwana Marjan akaiandika ubaoni. Alikuwa na mwandiko mzuri. "Hii sentensi imekufa, si ndiyo, mwalimu? Haya, tuipe dawa yako. Anza na wapi."

Mtoto akanitazama. Kwa wiki nzima nilikuwa nimemkataza kauli ile, nimelichekesha darasa zima kwa sababu yake, na sasa alikuwa ananitazama aone kama nitamkataza tena.

"Baba alitoka," akasema.

"Anza na lini, basi."

"Baba alitoka."

"Bwana, usijichoshe na huyu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Huyu hana kitu kichwani. Tangu mwaka uanze namfundisha jambo moja. Ni gunia tu. Keti, Amito."

Akaketi. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Nikajiambia imepita, haraka, rudi kwa ng'ombe.

"Basi mwenzake amsaidie," akasema Bwana Marjan.

Sikuwa na haja ya kutazama ili kujua ni mkono gani umepanda. Safinah akinyoosha mkono hunyoosha mwili wote, makalio yanaacha benchi, vidole vinatetemeka. Nikamtaja msichana wa nyuma kabisa, yule akashangaa, hakuwa amenyoosha kitu. Nikataja mwingine. "Mwalimu, mimi naijua," Safinah alikuwa ananong'ona kwa nguvu, "mwalimu, naijua ya Amito." Rafiki yake alikuwa ameitwa gunia mbele ya wageni, naye alikuwa na sentensi ambayo ingemwinua. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile. Nilikuwa nimemfundisha hivyo.

"Huyu hapa anajua," akasema Bwana Marjan. "Mwache aseme."

Safinah akasimama wima, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu mwenye hakika. "Nyuma ya," akaanza.

Nilimpiga kofi.

Sijawahi kupiga mtoto. Mama yangu alinipiga, walimu wangu walinipiga, na nilipoanza kazi niliapa mkono wangu hautafanya hivyo. Ulifanya, na haukuwa kofi la kuigiza, maana kofi la kuigiza wangelijua. Alipepesuka akashika dawati. Kisha nikaanza kufoka, maana nilijua nikinyamaza ataendelea. Nani amekupa ruhusa. Kila siku wewe, kila siku wewe, wenzako hawana midomo? Nilifoka Kiswahili na Kijaluo pamoja, mate yakinitoka, na mkuu wa shule akaja mbio kutoka nyuma akanishika kiwiko akinisihi, "Mwarimu, mwarimu, banange." Bwana wa wizara alikuwa ameshafunga mkoba wake.

Bwana Marjan hakusogea. Alinitazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayesoma.

"Mkenya?" akauliza.

"Mkenya."

"Kumbe." Akaweka chaki, akatoa leso akajifuta vidole, kimoja kimoja. "Kwetu pia tunapiga watoto, mwalimu. Lakini tunawapiga wasiojua jibu."

Kisha akachuchumaa mbele ya Safinah, uso kwa uso. Aliongea kwa upole kweli, kama mjomba. "Usilie, binti. Hakuna atakayekugusa tena. Ulitaka kusema nini? Nyuma ya nini?"

 Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli yenye mnyororo mkavu, nikausikia ukilia mpaka ukapotea. Sikuwa na la kufanya tena. Kofi moja lilikuwa la mwalimu mwenye hasira, kofi la pili lingekuwa jibu lenyewe. Amito alikuwa ametazama dawati, kiganja chake kimefunika neno Baba alilokuwa amelichonga pale siku nyingi nyuma.

Safinah alimtazama yule bwana, halafu akanitazama mimi. Shavu lilikuwa limevimba na alama za vidole vyangu zinaonekana. Hakuelewa kitu. Niliona wazi kwamba haelewi, anajaribu tu kukisia ni nini mwalimu wake anakitaka, alivyokuwa akikisia siku zote, na mara nyingi akipatia.

"Baba alitoka," akasema.

Bwana Marjan akabaki pale pale kwa kitambo. Halafu akaanza kucheka, akainuka akishika magoti. "Baba alitoka. Haya. Kampala yote, baba alitoka." Akampapasa kichwa. Akatoka, na wenzake wakamfuata, na mkuu wa shule akawafuata akiomba radhi kwa niaba yangu hadi kwenye gari.

Jumatatu kiti cha Amito kilikuwa kitupu. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kibali changu kimekataliwa, nimeonekana sifai kuwa karibu na watoto, ninatakiwa nivuke mpaka wa Busia kabla wiki haijaisha. Alisema amesikitika. Kisha, akipanga kalamu zake mezani, akasema kwa sauti ya chini kwamba Kyebando jana mchana watu wa gari walivunja mlango mmoja nyuma ya mashine ya unga, wakakuta mkeka na mishumaa. Wenyewe waliondoka Jumamosi. Hakuniuliza kama nawajua. Nililia pale ofisini, naye akanigeuzia mgongo akatazama ukutani mpaka nilipomaliza. Amito alikuwa ameondoka akiamini kwamba yeye ni gunia, na sikuwa na anwani ya kumwandikia.

Siku yangu ya mwisho niliwapa darasa insha yoyote waitakayo. Safinah alikuwa amekaa peke yake kwenye dawati. Wiki nzima hakuwa amenyoosha mkono. Nilipopita akaniuliza, bila kuinua macho, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, siku ile niliharibu wapi?"

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani, hukuharibu, ulikuwa umepatia kuliko wote, nisamehe. Ila mimi kesho yake nilikuwa napanda basi, yeye alikuwa anabaki, na mama yake pia, na wajomba wenye sare. Akijua alichokuwa anataka kukisema siku ile, atalazimika kukibeba humu mjini kila siku.

"Mwanzo," nikasema. "Uliharibu mwanzo. Unapenda kuweka mambo mbele. Ungeanza na mtu mwenyewe, kama wenzako."

Akaitikia kwa kichwa. Mbele yake palikuwa na mstari mmoja alioumaliza, nilikuwa nimeshausoma kwa juu: "Kabla jua halijafika dirishani, nguo za mama huwa zimeshanyooshwa." Aliutazama kidogo. Vifutio hatukuwa navyo mwaka ule, kwa hiyo akalowesha kidole kwa mate na kuanza kuufuta, kuanzia neno la kwanza.